Udongo ndio ukuta wa pili: historia ya bomba la chuma linalozikwa, na kwa nini inatuhusu sisi wa Kasongo na Kabambare

Mwezi wa Aprili 1893, jeshi la Dol ya Kongo ya mfalme Léopold, likiongozwa na Dhanis, liliingia Kasongo. Daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Hinde, aliandika baadaye, katika kitabu chake cha 1897, juu ya vitu alivyovikuta ndani ya nyumba za wakubwa: mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo. Vyote hivyo vilikuja kichwani mwa wapagazi kutoka pwani, kupitia Tabora, Ujiji na Kabambare. Lakini maji ya kunywa katika mji huo mkubwa yalikuja kwa mtungi.

Miaka hiyohiyo, kule Unguja, Sayyid Barghash (aliyetawala 1870 hadi 1888) alikuwa amekwisha kuvuta maji safi kutoka chemchemi za nje ya mji mpaka ndani ya mji kwa mabomba. Tippu Tip, mwenye kutawala huku kwetu na mwenye nyumba kule, aliijua miji yote miwili. Basi kwa nini bilauri ilifika Kasongo na bomba halikufika?

Wengi watajibu haraka: siasa, biashara, vita. Ni kweli, lakini kuna jibu la kwanza kabisa, nalo ni kilo. Chukua bomba la chuma cha pua la kipenyo cha milimita 600, unene milimita 6. Mita moja tu ina uzito wa kilo 90 hivi. Mpagazi wa zamani alibeba frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Kwa hiyo kila mita ingehitaji wapagazi watatu, na kila kilomita karibu wapagazi 3,000. Tena bomba haligawanyiki kama sukari! Hata leo, wakati chuma kinapita Kigoma, Kalemie na njia ya reli, au kinakuja na kamyo kwa barabara ya Bukavu ambayo sote tunaijua, bei ya kukifikisha inaweza kushinda bei ya kukinunua.

Ndiyo maana swali la kila mhandisi wa maji, tangu zamani, ni lilelile: naweza kulifanya bomba liwe jembamba kiasi gani bila kupasuka? Wandugu, jibu la swali hilo lilichukua karibu miaka 270. Na sehemu yake ya mwisho, iliyo muhimu kuliko zote, ndiyo ambayo kwenye miradi yetu tunaisahau kila siku.

Sehemu ya kwanza ilitoka kwenye anasa. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alitaka chemchemi za bandia zirushe maji juu katika bustani zake za Versailles. Edme Mariotte, mtaalamu aliyeshughulika na mabomba hayo, alichukua pipa, akalijaza maji, akasimamisha juu yake mrija mrefu, akaendelea kuongeza maji mpaka pipa likapasuka. Kitabu chake kilitoka 1686, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Alichokiona ni rahisi kukieleza: ukiongeza shinikizo mara mbili, unahitaji unene mara mbili, ukiongeza kipenyo mara mbili, vilevile. Maji ndani ya bomba yanasukuma pande zote, na ukuta wa bomba unavutwa kwa kuzunguka, kama zile pete za chuma zinazofunga pipa la mbao. Mkazo huo wa pete ndio mkazo wa kwanza ambao kila mwanafunzi anafundishwa: shinikizo mara kipenyo, gawanya kwa unene mara mbili.

Tufanye hesabu. Tangi liko juu ya kilima, na bomba linapita bondeni mita 100 chini yake. Shinikizo huko chini ni bari 10. Chuma cha kawaida huanza kuvutika bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 235 hivi, na desturi ni kutumia nusu yake tu wakati wa kazi ya kila siku. Kwa bomba letu la milimita 600, hesabu inatoa unene wa milimita 2.6. Milimita mbili na nusu! Mtu wa hesabu za fedha akiona hivyo anafurahi sana, anauliza kwa nini mnataka kununua la milimita 6. Kumbe hesabu hiyo imeona maji yaliyotulia peke yake. Haijaona maji yanayokimbia, haijaona jua, haijaona udongo, haijaona kutu.

Maji yanayokimbia yaliingia kwenye hesabu huko Moscow. Mabomba makubwa ya mji yalikuwa yanapasuka bila sababu inayoonekana, na miaka ya 1897 na 1898 Nikolai Zhukovsky akafanya majaribio kwenye kituo cha pampu cha Alekseyevskaya. Alionyesha kwamba maji yakisimamishwa ghafla, mwendo wao unageuka shinikizo, na shinikizo hilo linasafiri ndani ya bomba kama pigo la nyundo. Kwenye bomba letu la mfano, pigo hilo linakimbia karibu mita 1,000 kwa sekunde. Ikiwa maji yalikuwa yanatembea mita moja na nusu kwa sekunde, mwendo wa kawaida kabisa, kuyasimamisha ghafla kunaongeza bari 15 juu ya zile 10 za mwanzo. Yale mamilimita 2.6 yaliyotosha asubuhi, mchana yamevutika bila kurudi. La milimita 6 linapanda mpaka megapaskali 125, nalo linavumilia.

Neno "ghafla" hapa lina maana yake. Pigo linakwenda mpaka mwisho wa bomba na kurudi. Bomba likiwa na urefu wa kilomita 10, kwenda na kurudi ni sekunde 20 hivi. Anayefunga valvu kwa sekunde 15 anafikiri amefunga polepole, lakini kwa bomba hilo ni sawasawa na kuifunga kwa kishindo. Na kwetu huku, adui mkubwa zaidi ya mkono wa fundi ni umeme. Umeme ukikatika, au jenereta ikiishiwa mafuta, pampu inasimama yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Maji yaliyokwisha kupita yanaendelea mbele kwa nguvu yake, nyuma yanaacha nafasi tupu, na bomba jembamba linaweza kunywea ndani kama chupa ya plastiki unayoifyonza hewa. Halafu maji yanarudi, yanagonga. Mradi unaotegemea jenereta bila vifaa vya kuingiza hewa na kupunguza pigo umejengwa juu ya bahati.

Sasa tufike kwenye udongo, maana hapa ndipo historia inapopendeza.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa jimbo la Iowa, Marekani, walikuwa wanazika mabomba ya udongo wa kuchoma ili kukausha mashamba yao yenye maji. Mabomba yalikuwa yanapasuka chini ya ardhi, yenyewe, bila shinikizo lolote ndani. Anson Marston, wa chuo cha Ames, akaanza kupima. Mwaka 1913 yeye na A. O. Anderson wakatoa nadharia yao: udongo unaojazwa juu ya bomba unashuka kidogo, kuta za mtaro zinaushika kwa msuguano, na uzito unaobaki ndio bomba linaubeba. Katika hesabu yao upana wa mtaro unajizidisha wenyewe. Mtaro ukichimbwa mpana kupita kiasi, eti ili watu wafanye kazi kwa raha, bomba gumu linabebeshwa mzigo ambao hakuna aliyeupanga.

Lakini Marston alipima mabomba magumu, yale yanayopasuka. Chuma cha pua chembamba kina tabia nyingine, nacho hakipasuki, kinachuchumaa. Juu kinashuka, pembeni kinapanuka, duara linakuwa kama yai. Mwanafunzi wake, Merlin Spangler, alipima makalavati ya chuma chini ya matuta ya udongo, na 1941 akaandika jambo ambalo mpaka leo linashangaza watu: bomba jembamba la chuma peke yake ni dhaifu sana mbele ya uzito wa juu. Linalolisimamisha ni udongo wa pembeni. Bomba likitaka kupanuka, linausukuma udongo wa mbavuni, na udongo unalisukuma lirudi. Mwaka 1958, Reynold Watkins akiwa pamoja na Spangler, fomula hiyo ilirekebishwa ikapata sura inayotumika hadi leo.

Weka namba kwenye fomula hiyo. Bomba letu la milimita 600 kwa 6, udongo wa pembeni ukiwa umeshindiliwa vizuri kiasi: karibu robo tatu ya nguvu ya kuzuia bomba lisichuchumae inatoka kwenye udongo, na robo tu inatoka kwenye chuma. Udongo huohuo ukitupwa tu kwa koleo bila kushindiliwa, bomba linashuka zaidi ya mara tatu. Kadiri bomba linavyokuwa kubwa, ndivyo chuma kinavyozidi kuutegemea udongo. Fikirieni bomba kubwa lililolazwa miaka ya 2010 kutoka Ruvu Chini kwenda Dar es Salaam, kipenyo mita 1.8, urefu kilomita 56. Bomba la ukubwa huo, tuseme lina unene wa milimita 10, linaachia udongo zaidi ya asilimia 90 ya kazi hiyo.

Mnaona maana yake? Mradi unalipa fedha nyingi kwa chuma, unamleta mhandisi kutoka mbali, unapima kila kiungo kilichochomelewa. Halafu kazi ya kujaza mtaro wanapewa vijana wa kibarua wanaolipwa kwa mita, wamalize haraka, jua kali. Hao ndio wanaojenga robo tatu ya bomba, na hakuna aliyewaambia! Udongo unapaswa kuwekwa tabaka kwa tabaka, pande zote mbili sawasawa, na kushindiliwa hasa chini ya mbavu za bomba, pale ambapo jicho halifiki na koleo halifiki. Mawe hayatakiwi karibu, juu yake mkazo unakusanyika mahali pamoja na rangi ya kukinga kutu inachubuka. Mtaro ukishafunikwa, kazi nzuri na kazi mbaya zinafanana. Kwa maoni yangu, kama mradi una fedha za kumlipa msimamizi mmoja tu, asimame hapo, wala asikae ofisini na michoro.

Tena tuna mvua. Bomba la mfano wetu, likiwa tupu na limezibwa ncha, linasukuma pembeni maji ya kilo 290 kwa kila mita, na lenyewe lina kilo 90. Mtaro wa wazi ukijaa maji usiku mmoja wa mvua, asubuhi bomba mtalikuta linaelea, mashikio yamepinda. Mtu asiyejua atasema ni uchawi.

Jua nalo lina hesabu yake. Chuma kilichochomelewa mchana kimepanuka. Kikizikwa na kujazwa maji ya mto, kinapoa, kinataka kujikunja, lakini udongo umekishika. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua inaacha mkazo wa karibu megapaskali 2.5 kwa urefu wa bomba. Nyuzi 20 ni 50, sawa na mkazo wote wa pete wa bomba letu. Ndiyo maana mafundi wazuri kiungo cha mwisho, kile kinachofunga sehemu mbili ndefu, wanakichomelea alfajiri. Na kwenye kona ya nyuzi 90, maji yenye bari 10 yanaisukuma kona hiyo kwa nguvu ya tani 40 hivi. Bila tofali kubwa la zege nyuma yake, au viungo vilivyochomelewa vizuri, kona inahama.

Hapo nimesema chuma na udongo ni marafiki. Kuna nchi moja waliyojifunza kwamba ni marafiki wenye kugombana. Australia ya Magharibi, miaka ya 1890, dhahabu ilipatikana jangwani, Coolgardie na Kalgoorlie, mahali pasipo maji. Mhandisi C. Y. O'Connor akapendekeza bomba la chuma cha pua la inchi 30, unene robo inchi, kutoka milima karibu na Perth, zaidi ya kilomita 500, pampu zikiyapandisha maji. Tatizo lao lilikuwa kama letu: chuma kilitoka mbali, Ujerumani na Marekani. Wakakileta kikiwa mabamba bapa, yanayopangika vizuri melini, wakayakunja kuwa mabomba hukohuko. Akili hiyo hata leo ingetufaa.

Magazeti na wabunge walimtukana O'Connor, wakasema ni mwizi, maji hayatafika kamwe. Tarehe 10 Machi 1902 akajiua. Maji yalifika Kalgoorlie Januari 1903.

Bomba lile walikuwa wamelizika. Udongo wa kule una chumvi, na chumvi ikaanza kula chuma kutoka nje. Baada ya miaka michache matundu yakaanza kuvuja, na kuanzia miaka ya 1930 walilifukua na kulipandisha juu ya ardhi, sehemu baada ya sehemu. Kutu ni jambo la mkazo pia, si la kemia peke yake. Ukuta wa milimita 6 ukiliwa mpaka ukabaki 3, mkazo wa pete umezidi mara mbili, na lile pigo la pampu ambalo mwaka wa kwanza halikufanya kitu, mwaka wa kumi na tano linatoboa. Kwa hiyo ile milimita inayoongezwa juu ya hesabu siyo utajiri unaotupwa. Ni miaka mnayoinunua. Na rangi au utepe wa kukinga nje, ukichubuliwa na jiwe moja siku ya kujaza mtaro, kutu yote inakusanyika kwenye ule mchubuko mmoja.

Sisi upande wetu hatuna jangwa la chumvi. Tuna udongo wenye mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na mvua inayochimba makorongo mpaka bomba linabaki linaning'inia hewani kama daraja. Bomba lililopangiwa kulala juu ya udongo, likining'inia linapinda kwa uzito wake na wa maji yake, na huo ni mkazo mwingine kabisa. Tena tuko karibu na bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga chini ya ziwa Tanganyika, na Kalemie nyumba zilianguka. Chuma kilichochomelewa vizuri kina sifa hapa, maana kinaweza kuvutika kidogo kabla ya kukatika, wakati mabomba yaliyounganishwa kwa kuchomekana tu yanachomoka.

Lakini kuna kisichoweza kuvumiliwa na hesabu yoyote. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, lava ilikata bomba kubwa la Regideso na kuharibu tangi la Buhene, na watu wa Goma kwa mamia ya maelfu wakabaki bila maji. Msalaba Mwekundu wa kimataifa na Regideso walipitisha mabomba ya muda juu ya ardhi, juu ya lava yenyewe, kwa sababu chini hapakuchimbika. Kule Australia ni chumvi, huku ni moto, lakini jibu lilikuwa moja: kuna mahali ambapo bomba halizikwi.

Wenzetu waliosoma ujenzi wanajua fomula hizi kuliko mimi. Ninawaandikia hasa waliosoma sheria, uchumi, ualimu, wale watakaokaa kwenye kamati siku mradi wa maji utakapofika Lusangi au mahali popote kati ya Kasongo na Kabambare, wakati dada zetu bado wanateremka bondeni na ndoo kabla ya jua. Mtaletewa karatasi yenye unene wa bomba na shinikizo lake. Ulizeni imeandikwa nini juu ya udongo wa pembeni: utashindiliwa tabaka la sentimita ngapi, nani atapima, kwa kifaa gani. Ulizeni pampu ikizimika ghafla kitu gani kitatokea. Ikiwa ukurasa huo haupo, hesabu iliyofanywa ni ile ya Mariotte ya 1686 tu.

Na kuna kipimo ambacho hakihitaji digrii. Bomba la chuma lenye saruji ndani kwa kawaida linaruhusiwa kushuka asilimia 3 tu, lisije likapasua saruji yake. Kwa kipenyo cha ndani cha milimita 600, ni milimita 18. Seremala yeyote wa Kasongo anaweza kutengeneza duara la mbao la milimita 582, lifungwe kamba mbele na nyuma, livutwe ndani ya bomba kutoka mwanzo mpaka mwisho baada ya mtaro kujazwa na kabla mkandarasi hajalipwa. Likipita, lipeni. Likikwama, pimeni urefu wa kamba iliyoingia, nendeni juu ya mtaro mpaka mita hiyo, mfukue hapo.